Kocha Hakuangalia Mwisho wa Mbio

Mbio zikikaribia kumalizika, wakati makocha wengine wanajipenyeza hadi kwenye vyuma vya kuzuilia watu na kuinua simu juu ili warekodi, kocha wetu alitafuta ukuta. Ukikosekana ukuta alitafuta mti, au lori lililoegeshwa, au mgongo wa mtu mnene. Aliusogelea ukuta huo kama mtu anayesoma tangazo la kukatwa maji, mikono ameikunja kifuani, peremende inazunguka mdomoni, akasikiliza. Alidai kelele za watu zinamwambia kila kitu. Zikipanda taratibu, kundi zima linakuja. Zikipasuka ghafla, kuna mmoja amechoropoka. Zikikatika, kuna walioanguka. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya ageuze uso. Kabla sijamzoea nilidhani ni mbwembwe za wazee wa Bondeni, mtaa wake wa hapa Nakuru. Baadaye nikaelewa kwamba mzee alikuwa anaogopa, tena sana, na kwamba asingeogopa hivyo asingekuwa kocha mzuri.

Mimi nami ni mwoga, labda ndiyo maana tuliivana. Nimeendesha baiskeli ya mbio miaka mingi, nimelipwa mshahara kwa kazi hiyo, nimeteremka Subukia mvua ikininyeshea usoni, na bado asubuhi ya mashindano huenda msalani mara zisizo na idadi. Kuna swali kuhusu Kocha nililolibeba muda mrefu, na ni heri nilitoe mapema ili msomaji asihangaike nalo kama nilivyohangaika mimi. Nimeshinda mbio kubwa mara moja tu maishani. Siku hiyo Kocha ndiye aliyenituma mbele. Je, alinituma nishinde, au alinituma nikachoke kwa faida ya mwingine? Hilo tu. Mtu mwingine angemuuliza jioni ile ile, wakila chapati. Mimi sikuweza, kwa sababu nililiogopa jibu.

Kocha alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufuma na shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali. Sisi wa huku bara tunakisema Kiswahili tunavyotaka, lakini yeye alikuwa na kile cha bibi yake aliyetoka pwani, na alituita mwanangu hata tulipokuwa tumemuudhi. Wambui, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa timu yetu na mwenye mbio kali kuliko sote, alimwigiza tukiwa nyuma ya gari. Alimwigiza vizuri mpaka fundi wetu wa baiskeli akaitika.

Huyu mzee alikuwa mwongo hodari. Sisemi kwa ubaya. Katika mbio za barabarani mwenye miguu mizuri si lazima ashinde, maana wakijua ana miguu mizuri wote watajipanga nyuma yake, awakinge upepo, kisha wamruke mwishoni. Kwa hiyo kila timu inaficha. Kocha alificha kuliko wote. Jioni ya kuamkia mbio, tukikaa kula kwenye hoteli ambamo timu zote zimelala, alitugawia maradhi. Wambui alipewa mafua. Mimi nilipewa goti. Nilipoinuka kwenda kuchukua ugali alininong'oneza nisichechemee sana, natia chumvi. Asubuhi alizunguka akiwasalimia wapinzani wetu mmoja mmoja, akiwauliza habari za mama zao, na wote walimpenda kwa adabu hiyo. Alikuwa anasikiliza sauti zao. Aliyekuwa na koo kavu, aliyejibu haraka mno, aliyecheka bila sababu, wote hao aliwaweka kichwani akaja kutuambia.

Na hapo hapo, akishatoka kwenye mbio, hakuweza kudanganya hata kwa heshima. Jirani mmoja mwenye binti wa kwaya alimuuliza kama mtoto huyo anaimba vizuri, akajibu hapana, anapiga kelele, lakini ana afya nzuri. Kwenye harusi ya jamaa zake alimwambia bwana arusi kwamba pilau limeungua na aache kujifanya hajanusa. Mke wake, Mungu amrehemu, alizoea kumwacha nyumbani kila walipoalikwa mahali penye wagonjwa.

Nami alinipa dozi yangu. Nilipokuwa mwaka wangu wa kwanza kwenye timu, nilijikaza nikamwuliza kama siku moja ninaweza kuwa kiongozi kama Wambui. Aliiangalia miguu yangu kwa muda, kama anayenunua kitu sokoni.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Hii ni ya ng'ombe wa jembe. Haikimbii, lakini haichoki.”

Nililia nikiwa nimevaa helmeti ili mtu asione. Kisha nikafanya kazi ya ng'ombe wa jembe. Nilirudi kwenye gari kuchukua chupa za maji, nikazipachika shingoni na mgongoni, nikawasambazia wenzangu. Nilikaa mbele ya Wambui upepo unipige mimi. Mbio zikibaki kipande cha mwisho, wakati televisheni zinaanza kuonyesha, mimi nilikuwa nyuma huko natafuta njia ya kufika tu. Sikulalamika. Nilikuwa nalipwa, na baba yangu, aliyefanya kazi reli tangu nikiwa mdogo, aliona ni ajabu mtu kulipwa kwa kuendesha baiskeli.

Namna yake ya kufundisha iliwachosha watu wenye haraka. Siku moja alitupakia kwenye gari bila baiskeli, akatupeleka Elementaita, akatuketisha kando ya barabara juu ya gunia tangu asubuhi. Wambui alivumilia mpaka chai ikaisha.

“Kocha, kwani tumekuja kuangalia nyasi?”

“Ndiyo. Ukimaliza nyasi uangalie vumbi.”

Asubuhi nyasi zilisimama wima. Jua lilipopanda zikaanza kuinama kuelekea upande mmoja, kidogo, kisha zikalala kabisa, na vumbi la barabara ya machimbo likawa linaikata lami kwa pembeni. Alitaka tuone upepo unaamkia wapi na unaamka lini, kwa sababu upepo wa ubavuni hulipasua kundi vipande vipande, na aliyekuwa amesinzia hujikuta kwenye kipande cha nyuma. Tulirudi tumeungua pua. Msimu ule ule upepo ulipasua mbio mahali pale pale, na sisi wote wa gunia tulikuwa kipande cha mbele. Wambui aliacha kumwigiza kwa kama wiki nzima.

Alikuwa na msemo wake: watu hawamfukuzi mtu wanayemhurumia. Alitufundisha kuchoropoka tukiwa tumekunja uso, mabega yakiyumba, ili kundi liseme mwache huyo, atakufa mwenyewe. Mimi sikuhitaji kuigiza. Uso wangu ndio ulivyo nikiwa mbioni.

Kuhusu malori hakuwa na mzaha. Barabara kuu ya kutoka Naivasha inatuua sisi waendesha baiskeli, na kila timu ya huku ina mtu iliyemzika. Tulipofanya mazoezi alitufuata na gari lake la kijivu, taa zote zinawaka, akipiga honi kwa kila dereva aliyetusogelea, na katikati ya honi akimwomba Mungu kwa sauti. Kuna siku Wambui alipata pancha upande wa Ndabibi, mahali pasipo na mtandao, akachelewa sana kurudi. Kocha alisimama njia panda akakataa kula, akakataa kukaa, akawa anamwangalia kila bodaboda anayekuja kama kwamba amebeba habari mbaya. Wambui alipofika, amepanda nyuma ya pikapu ya maziwa na baiskeli yake, tulijua atagombezwa. Badala yake Kocha aliichukua baiskeli, akaagiza maji, akaiosha mwenyewe, spoki moja baada ya nyingine, na fundi alipojaribu kumsaidia alimsukuma mkono. Tangu siku hiyo nilimpenda mzee huyu waziwazi, na nikamwogopea pia, kwa sababu nilijiuliza mtu mwenye roho nyepesi hivyo atavumilia mpaka lini.

Sasa siku yenyewe. Zilikuwa mbio za kulipwa kutoka Naivasha hadi Nakuru, zenye timu za ng'ambo, moja ikiwa na basi lake lenye mashine ya kahawa ndani. Kila mtu alijua nyota wa timu hiyo ndiye atakayeshinda, na kama si yeye basi Wambui. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa milima ya Mau tangu asubuhi. Nilikuwa najaza upepo kwenye magurudumu Kocha alipokuja, akasimama kando yangu, akasema maneno machache.

“Watakaotoka wa kwanza, toka nao. Ukichoka, rudi.”

Akaondoka kwenda kusalimia watu. Kila mwendesha baiskeli anaijua amri hiyo. Wewe ni chambo. Unaenda mbele na wajinga wenzako, timu za nyuma zinalazimika kuwafukuza na kujichosha, huku kiongozi wenu amejibanza kwenye kundi anapumzika. Mwishoni mnashikwa, na kiongozi anaondoka. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Nami nikatoka.

Tulitoka watatu: mimi, msichana mmoja mgeni, na Jerop wa Subukia, aliyekuwa na timu nyingine. Gilgil mvua ikatupiga, ile mvua baridi ya huko juu, na mteremko wa kushuka Kikopey ulikuwa mbele yetu. Timu yetu ilikuwa na majaketi ya mvua ya buluu iliyokolea, unaweza kuyaona ukiwa mbali, na Kocha alitukataza kabisa kumpa mtu kitu cha timu. Mimi nililivaa langu. Jerop hakuwa na jaketi. Alikuwa anatetemeka mpaka usukani unacheza, na mtu wa hivyo kwenye mteremko wenye maji ataanguka, akianguka atakuangusha. Nikavua langu nikampa. Sikufikiri. Alilivaa akiendesha, likafunika namba yake ya mgongoni.

Mgeni alichoka wa kwanza, akamezwa na kundi. Jerop alichoka Mbaruk, akiwa bado amevaa jaketi langu. Kundi lilipomshika liliona jaketi la buluu, namba haionekani, mvua inanyesha, wakasema basi, na yule wa buluu naye amerudi; Jerop walidhani wameshammeza kwenye mvua bila kumwona. Pikipiki inayobeba ubao wa kuonyesha mbele kuna nani na kwa umbali gani ilikuwa imepata pancha Elementaita. Jerop mwenyewe alikuwa hoi kwa baridi, na hakuna mwingine aliyewaambia kwamba kuna mtu amebaki. Kundi likapunguza mwendo, likaanza kuviziana kwa ajili ya ushindi, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Nami nilikuwa mbele, peke yangu, naelekea Nakuru.

Nilivuka mstari kabla mtangazaji hajajua jina langu. Baadaye kundi likaingia, na yule nyota wa timu ya basi akawashinda wengine kwa tairi, akainua mikono yote miwili, akafunga macho, akafurahi kwa dhati mpaka mtu alipomsogelea kumnong'oneza. Sijawahi kumwona mtu mzima akishusha mikono polepole namna ile. Wambui alifika ananiuliza kwa hasira kabisa, “Nekesa, kwani wewe umetokea wapi?” Kocha alikuja mwisho, amelowa, anapumua kwa nguvu. Waandishi walimzunguka wakamuuliza huu ni mpango gani. Alinitazama mimi. Kisha akasema, “Nilijua tangu asubuhi.”

Sentensi hiyo ilinilea. Watu wakawa na hadithi yao: mzee wa Bondeni ametunga hila ya jaketi, amewafanya wazungu wa kahawa wahesabu nguo badala ya watu. Misimu iliyofuata makocha wengine walianza kubadilishana majaketi ya waendeshaji wao mvua ikinyesha, na hata mvua isiponyesha, mpaka waamuzi wakapiga marufuku. Kocha aliulizwa kila mahali, naye alizungusha peremende akatabasamu. Mimi nilijua hakuniambia nigawe jaketi. Lakini nilijituliza. Nilijiambia huenda alinisoma. Alikuwa amewahi kuniambia siwezi kumwona mtu anatetemeka nikampita. Aliyaona mawingu ya Mau, alimwona Jerop hana jaketi, akanichagua mimi, si mwingine. Inawezekana. Kwa Kocha ilikuwa inawezekana.

Kisha nikikaa peke yangu nilianza upya. Huyu ni mtu anayesema uongo kwenye mbio na kusema kweli nje ya mbio. Ile sentensi aliisema akiwa wapi? Mstari nilikuwa nimeshauvuka, kwa hiyo mbio zilikuwa zimekwisha. Lakini waandishi walikuwepo, na wapinzani walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo pengine kwake zilikuwa hazijaisha. Nilizunguka hivyo kama ng'ombe wa kukamua miwa.

Ushindi ule ulinipatia timu ya ng'ambo. Nilienda, nikabeba maji ya watu wengine kwenye baridi ya watu wengine, sikushinda tena. Kila walipokaa kuzungumza mkataba nilisubiri mmoja aseme kwamba huyu ni wa bahati, aliwahi kusahaulika njiani tu. Kuna waliosema. Nyumbani pia walisema, hata binamu zangu, tena wakicheka. Jibu langu lilikuwa moja: Kocha alijua. Nilikuwa nalisema kwa uso mkavu, kisha nikalala na wasiwasi kwamba siku moja atasema vingine. Niliporudi nikapewa kiti chake kwenye gari la timu, yeye akiwa ameshachoka kuendesha. Sasa mimi ndiye ninayewatuma wasichana mbele. Wananiuliza watajuaje kama wanatumwa kushinda au kufa, nami nawaambia walitegemee gari, aliye ndani ya gari anaona. Wananiamini. Ndicho kinachonitisha.

Halafu Kocha akapata kiharusi. Kilichukua mkono na upande wa mdomo. Binti yake, ambaye ana duka la dawa mjini, alimhamishia kwake Milimani, kwenye nyumba yenye miti mikubwa na kimya kingi. Kocha hakukipenda kimya hicho. Alisema Milimani barabarani hakupiti mtu, kunapita magari yenye vioo vyeusi na askari anayefungua mageti, hakuna hata mtu wa kumuuliza kama mama yake hajambo. Nilimtembelea mara kadhaa tukazungumza mambo ya gia na matairi, na kila mara nilirudi na swali langu.

Wiki iliyopita binti yake alinipigia. Alisema baba ananiulizia, na kwamba daktari ameongea naye kwa namna ambayo hakuipenda. Nilienda mchana baada ya mazoezi, nikiwa bado na jezi, sijaoga. Alikuwa barazani kwenye kiti chenye mito, shuka limemfunika magoti. Alikuwa amekonda. Aliniuliza wasichana wameshuka salama, nikasema wote wako nyumbani, akaitikia kwa kichwa, akapumua. Binti yake alituletea chai akatuacha. Nikajua kwamba nikiondoka leo bila kuuliza huenda nisipate siku nyingine, na wazo hilo likanitia aibu, kwamba mzee anaumwa na mimi nafikiria ushindi wangu. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa.

“Kocha,” nikasema, “ile siku ya Naivasha. Ulinituma nishinde?”

Ulimi wake ulikuwa mzito, na maneno aliyatoa moja moja.

“Hapana, mwanangu.”

Niliweka kikombe changu chini.

“Nilikutuma ukawachoshe. Halafu nikaona jaketi letu linarudi nyuma, linapita kando ya gari. Kioo kilikuwa na ukungu. Nikasema Nekesa amemaliza kazi yake. Nikakusahau. Wallahi nilikusahau kabisa. Nikabaki namuwaza Wambui.” Akameza mate. “Walipotangaza jina lako nilikwenda kwa waamuzi. Niliwaambia wamekosea. Niliwaambia huyo mtoto yuko nyuma, wamfute.”

Iliniuma. Sitaki kujifanya mkubwa. Iliniuma kifuani mahali hasa, na kwa muda nilimchukia, mzee mgonjwa chini ya shuka. Kumbe siku aliyokuja amelowa, anapumua kwa nguvu, alikuwa ametoka kupigania nisishinde. Nilifikiria binamu zangu. Nilifikiria wale wasichana na maneno ninayowaambia kila asubuhi. Nikamuuliza, na sauti ikatoka mbaya, kwa nini basi alisema alijua.

“Walinisogezea vipaza sauti. Na wewe ulikuwa unaniangalia,” akasema. “Ungeufanyia nini ukweli wakati ule?”

Alijaribu kuinua kikombe kwa mkono mzima, kikatikisika, nikamshikia. Akanywa kidogo. Alikuwa analia, jicho moja zaidi ya jingine, na hakuficha.

“Ndiyo tabu niliyojiletea,” akasema. “Ukishasema ulijua, huwezi kuuliza tena.”

“Kuuliza nini, Kocha?”

“Ulifanyaje.” Akanigeukia kwa shida, mwili mzima ukifuata shingo. “Mvua ile. Huna jaketi, huna wa kukukinga upepo. Na miguu ile. Nimekaa miaka na mbio hizi kichwani na sijui ulishindaje. Nimeuliza kila mtu kuhusu kundi, kundi lilifanya nini, lilikosea wapi. Mbele alikuwepo mtu mmoja tu, na huyo sikuweza kumuuliza.”

Ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza. Waandishi waliuliza mpango, wapinzani waliuliza jaketi, binamu zangu hawakuuliza kitu. Hata mimi, kwa miaka yote hii, nilikuwa nauliza alichojua Kocha, wakati yeye alikuwa nyuma kwenye gari lenye ukungu na mimi ndiye niliyekuwa barabarani. Nilianza kwa haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu. Nikamwambia kwamba nilipoingia mjini watu walikuwa chini ya miavuli wananitazama kimya, hakuna anayepiga makofi, nikaamini nimepotea njia, nikaamini mbio zimepita mahali pengine, na niliendelea kukanyaga kwa sababu nilikuwa naona aibu kusimama na kuuliza.

Kocha aliinua mkono ule mzima kunizuia.

“Umeanzia mwisho,” akasema. “Anzia pale Jerop alipokuacha. Ulisikia nini nyuma? Ulikuwa kwenye gia gani? Twende polepole, na usiniruke hata kona moja.”